Mama Anakusalimu

11 Januari

Sindano, mdogo wangu mwenye ulimi mkali,

Naanza na salamu kabla hujanuna. Mimi huku sijambo. Baridi imenipasua midomo, lakini kazi ipo na chumba kina mlango unaofungika. Mama hajambo? Mguu wake je? Na ile cherehani yako bado inawapigia majirani kelele? Mjomba alinipigia simu kazini, akaniambia siku hizi wewe na Mama mmejifungia ndani, hamtembelei mtu wala hamtembelewi. Nikamwambia ndivyo ulivyo tangu utotoni, ukipewa uzi na kitambaa unasahau kula.

Sasa habari yenyewe. Dukani nimepandishwa cheo! Mimi ndiye mpambaji wa vyumba vya maonyesho, vile vyumba vya uongo vyenye kuta tatu ambamo wateja hupita wakimeza mate. Nachagua rangi, natundika picha, natandika kitanda ambacho hakuna atakayekilalia. Kutwa nzima napamba nyumba zisizoishi watu, halafu nikirudi kwangu naukumbuka ukuta wa sebuleni kwetu, uliochakaa, una kalenda ya mwaka ambao hata siukumbuki. Naona aibu, mdogo wangu.

Ndiyo maana ya kifurushi hiki. Karatasi yenye majani ya kijani ibandike ukuta mmoja tu, ule wa upande wa jikoni. Usibandike kuta zote ukafanya nyumba kichaka. Kioo kitundike mkabala na dirisha, sebule itaonekana kubwa. Zile sahani za maua ambazo Mama amezifungia kabatini miaka yote, zitoe, zifunge waya kwa nyuma, zipange juu ya mlango. Mabaki ya vitambaa vyako yaunganishe yawe pazia la ukutani, wateja wetu hulipia vitu vya namna hiyo bila kuuliza. Na picha yangu, hiyo kubwa niliyopigwa dukani mwaka nilioanza kazi, iweke kimo cha macho ya mtu aliyekaa. Usiipandishe juu kama ya mkuu wa ofisi.

Na ahadi yangu iko palepale. Juni nina likizo ya mwezi mzima. Nitakuja nikae na Mama, wewe uende kwenye mafunzo yako ya kiwanda cha sare, urudi na mashine yao ushonee nyumbani kama walivyokuahidi. Ila nikifika nataka nikute sebule ya kukaa mtu.

Dada yako

2 Februari

Dada Mkubwa,

Salamu zako zimefika zikiwa zimeviringishwa ndani ya majani. Hongera kwa cheo. Nimenuna, lakini kidogo tu. Mguu wa Mama umepona kabisa, sasa anatembea kuliko mimi. Cherehani inalia vilevile na majirani wameshazoea. Mjomba mwambie hatujajifungia. Mlango wetu una komeo kama milango mingine, ila nimeongeza jingine juu, mahali ambapo mtu mfupi hafiki.

Kazi yako nimeifanya. Karatasi nimeibandika ukuta wa upande wa jikoni, nimeipiga pasi kwa kitambaa kikavu kama nguo ya harusi, hakuna kijipovu hata kimoja. Kioo nimekitundika mkabala na dirisha, kisha nikakifunika shuka. Jua linaakisi mno. Sahani ziko juu ya mlango. Pazia la mabaki ndilo ninaloliunga sasa, nimelichanganya na magauni ya zamani ya Mama, lile la bluu na lile la vifungo vikubwa ulilokuwa ukiliiba.

Picha yako ipo mbele ya kiti cha Mama, kimo cha macho ya mtu aliyekaa. Kando yako nilitundika na yangu, ndogo, ile ya kitambulisho niliyoikuza. Haikukaa sana, nimeiondoa. Msumari umebaki.

Msimamizi wa kiwanda ameandika jina langu kwa mafunzo ya Juni. Amesema kundi hilo ndilo la mwisho, na asiyetokea siku ya kwanza nafasi yake anapewa mwingine. Sikuambii ili kukusukuma, nakuambia ujue.

Mama anakusalimu. Anakusalimu kila asubuhi, hata kabla hajanawa uso.

Sindano

3 Machi

Sindano wangu,

Habari za hapo? Mimi nimesoma barua yako nikiwa chooni dukani, nikalia mpaka mwenzangu akagonga mlango kuuliza kama ninaumwa. Kila asubuhi! Na mimi nilidhani Mama amenisahau, kwa jinsi anavyokaa kimya. Mwambie na mimi namsalimu kila asubuhi, tena mara mbili.

Lakini wewe una vituko. Kioo kilichofunikwa ni cha kazi gani? Kama jua linaakisi, kisogeze kidogo upande wa kushoto, basi. Hayo ni mambo ambayo hata mtu asiyepita darasani anayaona. Na hilo komeo la juu, mmeficha dhahabu? Na picha yako umeiondoa kwa nini? Siku zote unajifanya mnyonge ili watu wakubembeleze. Irudishe. Ila ikuze tena, picha ndogo kando ya kubwa huonekana kama stempu.

Nikuombe kitu. Mama aniandikie mwenyewe, hata mistari miwili. Nimeukosa mwandiko wake ule unaolalia upande. Mpe kalamu, mkalishe mezani, umwache peke yake na mimi.

Juni haiko mbali. Nimeshaweka sanduku juu ya kabati.

Dada yako

25 Machi

Dada,

Sisi tupo. Mvua imeanza, dari linavuja pale pale panapovuja kila mwaka, sufuria iko chini yake. Mjomba alipita, akakaa kidogo, akasema ana haraka. Siku hizi kila anayepita hapa huwa ana haraka.

Mama amesema mkono unamuuma, kuandika hawezi. Usimshurutishe.

Karatasi ya majani imetoka. Sehemu kubwa imetoka, iliyobaki nimeikwangua mwenyewe. Ukuta una unyevu. Sahani zimerudi kabatini, zile zilizosalia. Kioo nimekitoa kabisa, kiko chini ya kitanda changu. Usinikasirikie, nilijitahidi. Pazia limekamilika na linapendeza kweli. Mama hukaa karibu nalo akalipapasa kutwa, kipande kwa kipande. Hilo nakupa sifa yako.

Dada, ukutani pasikuzuie. Hata usipokuta kitu, njoo. Ukichelewa hata siku moja mimi nimekosa, na sitapata kiwanda kingine kitakachoniruhusu kushona huku niko na Mama. Ningekuwa na mtu wa kumwachia nisingekupigia magoti.

Mama anakusalimu, kama kawaida yake.

Sindano

6 Mei

Mdogo wangu,

Salamu, na samahani kwa kukawia. Huku kazi zimenifika shingoni. Kuna mteja mwenye hoteli ametaka nimpambie kuta za ghorofa nzima na bosi amenitaja mimi. Afya njema, ila mgongo.

Barua yako imeniudhi, nakwambia kweli. Ile gundi ninaijua, haibanduki. Nimeshaona karatasi ile ikikaa kwenye vyumba vya kuogea. Ukisema unyevu mimi najua hukuukausha ukuta, ulibandika juu juu ili uniandikie kwamba umebandika. Na sahani “zilizosalia” ni neno gani hilo? Zile sahani Mama alimkataza hata Baba kuzigusa, alivyokuwa akizipenda. Nimekutumia kioo ambacho mimi mwenyewe sina, unakitia chini ya kitanda! Nakuomba kitu kidogo kiasi hicho, kuipa nyumba ya Mama sura, na wewe uko hapo hapo kutwa.

Halafu kuhusu Juni. Usishtuke. Kwa sababu ya hoteli huenda likizo ikasogea mpaka Agosti. Zungumza vizuri na huyo msimamizi wako, wewe ukitaka unajua kubembeleza. Nikija nitapamba sebule kwa mikono yangu.

Mbona Mama haniandikii? Au amenikasirikia?

Dada yako

17 Mei

Dada,

Leo salamu ni chache. Sisi hatujafa.

Nilimwapia Mama nisikwambie, na leo navunja kiapo. Ilikuwa wakati akili yake ikienda na kurudi. Siku moja ilirudi ikakaa kutwa nzima, akanishika mkono akasema, “Mkubwa asijue. Namjua mwanangu, akijua hatanitazama tena usoni.” Nikaapa. Tangu hapo nimekuwa nikikuandikia kuhusu unyevu.

Karatasi yako haikubanduka. Ilichumwa. Mama aliamka akaona majani ukutani, akachukua bakuli akaanza kuchuma mboga. Alichuma jani moja moja kwa kucha, kwa utulivu, mpaka vidole vikatoka damu, akaniletea jikoni. “Osha upike,” akaniambia, “mwanangu anakuja leo.” Nilikuwa nimesimama pale naye ananitazama. Niliyaosha, Dada. Nikatia karatasi zako kwenye maji, nikazisuuza, nikazibandika jikoni kwenye sufuria mpaka akasahau.

Ndani ya kioo kuna bibi kizee anayemwibia magauni. Wamegombana, wametukanana, mwisho Mama akamrushia kikombe. Ndiyo maana ya shuka. Sahani alipanda kiti azishushe ili awapakulie wageni. Wageni hawakuwepo. Mimi nilifika nikamkuta juu ya kiti na nilichagua kumdaka yeye, sahani zikaanguka. Nimeomba radhi kwa sahani. Komeo la juu ni kwa sababu ameshatoka mara kadhaa kwenda kukupokea kituoni, moja ya siku hizo bila nguo.

Sasa picha. Niliandika kwamba Mama anakusalimu kila asubuhi, sikudanganya hata neno moja. Wewe ulisoma vile watu wanavyosoma barua. Anatoka chumbani, anasimama mbele ya picha yako na kusema, “Mwanangu, umelala salama?” Anangoja. Akiona hujibu anasema umechoka na kazi. Chai ya kwanza anakuwekea wewe.

Yangu nilipoitundika aliuliza, “Huyu nani?” Nikasema ni mimi. Akaniangalia, akaiangalia picha, akaniambia kwa upole kabisa, upole ambao hakuwahi kunipa nilipokuwa mwanawe, “Shusha, dada. Mtumishi hatundikwi sebuleni.” Nikaishusha.

Hataki kuogeshwa na mtu asiyemjua. Mara ya kwanza alinizaba kofi. Nilipokosa la kufanya nikakuonyesha wewe ukutani, nikamwambia, “Nimetumwa na yule.” Akatulia papo hapo, akainua mikono nimvue gauni. Tangu siku ile kila ninachofanya humu ndani nimetumwa na wewe. Namlisha, nimetumwa na wewe. Namfua mashuka, nimetumwa na wewe. Anakuombea dua kwa kumletea mtumishi mzuri, na mimi naitikia amina.

Wewe kazi yako ni kupamba. Neno hilo linasemwa kwa bibi harusi na linasemwa kwa maiti. Ukuta wetu sijui ulikuwa unampambia nani.

Usisogeze likizo. Sikuombi unipende, hilo tuliweke kando. Nakuomba mwezi mmoja. Ukifika simama mbele yake umwambie, “Huyu ni mwanao mdogo.” Labda akisikia kwako ataamini.

Sindano

30 Julai

Mdogo wangu,

Sijui nianze na salamu gani. Natumaini mpo.

Juni imepita, najua. Barua yako ilinifikia mapema, usimlaumu mtu wa posta. Hoteli nilimaliza na likizo nilipewa Juni ile ile, haikusogea. Nilitoa sanduku juu ya kabati nikaliweka mlangoni. Likakaa pale. Mimi nikapaka chumba changu rangi. Nilipaka kijivu, nikaichukia, nikapaka njano, nikairudia kijivu. Mwezi ukaisha nikiwa nimeshika brashi.

Siji, Sindano. Nasema wazi ili usiendelee kufagia njia. Huyo anayesalimiwa kila asubuhi amekaa vizuri, amevaa sare safi, ana umri ule ule. Mimi nina mvi pande zote mbili na nimenenepa usoni. Nikiingia mlangoni Mama atauliza huyu nani. Wewe umeshaulizwa, umezoea. Mimi nikiulizwa hivyo sitakuwa na mahali pengine pa kwenda. Mama alinijua vizuri kuliko ninavyojijua, na nimemkasirikia kwa hilo.

Unasema nimwambie wewe ni mwanawe. Ataamini nini kwa mgeni?

Niache ukutani. Ni mahali pekee ninapofahamika. Nimetuma fremu mpya kwa ajili ya picha hiyo, ya mbao nzito na kioo kisichoakisi, ile ya zamani naona itafunguka pembe. Misumari yake iko ndani ya bahasha.

Nichukie ukitaka. Ila usiishushe.

Dada

19 Agosti

Dada Mkubwa,

Salamu kutoka hapa. Fremu imefika haina ufa. Ni nzuri, huwa una jicho. Nafasi yangu kiwandani alipewa binti mwingine, nasikia mashine yake ni mpya kabisa. Ule msumari wangu sasa nautundikia mkasi.

Nilitaka kuishusha picha yako, usidhani sikutaka. Niliishusha. Nikaipeleka chini ya kitanda ikakae na kioo. Mama akatoka asubuhi akasimama mbele ya ukuta mtupu na kikombe chako mkononi, akasimama mpaka chai ikapoa, kisha akakataa chakula. Jioni nikairudisha. Sasa imo ndani ya fremu yako, kimo cha macho ya mtu aliyekaa. Umeshinda, Dada. Sitakuandikia tena kukuomba kitu.

Barua uliyokuwa ukiitaka kwa Mama ndiyo hii. Jana alikuwa amekaa chini ya pazia lake, akaniuliza, “Wewe msichana, unajua kuandika?” Nikasema kidogo. Akasema nimwandikie mwanawe, na niandike vile vile anavyosema, nisitie maneno yangu. Nimeandika vile vile.

“Mwanangu mkubwa,

Mimi mzima. Majani ya ukutani nilikuchumia, hukuja, yakaharibika, si neno. Huyu msichana uliyeniletea ni mzuri. Hasemi sana, ila chai yake ni nzito. Usimfukuze. Akiosha mgongo wangu mkono wake ni mwepesi, unanikumbusha mkono wa mdogo wako.

Nilitaka kukuuliza. Yule mdogo wako yuko wapi siku hizi? Yule wa cherehani. Namsikia akishona chumba cha pili, nikienda namkuta huyu msichana tu. Au mmegombana? Mbona haji kunitazama? Mwambie sijamkasirikia. Mwambie akija nimemwekea msumari hapo kando yako, asiweke mkasi mtu.

Nakusalimu sana.

Mama yako

Aliyeandika ni mtumishi wake.”